Biriani ya Idi: namna ya kulinganisha gharama ya kuagiza na ya kupika nyumbani

Inapokaribia Idi el-Fitri, nyumba nyingi za Unguja na Pemba hujadili iwapo biriani ya mchana ipikwe nyumbani au iagizwe kwa mpishi. Mjadala huu huenda kombo kwa sababu vinavyolinganishwa havilingani: katika bei ya mpishi umo mkaa, mafuta na jasho lake, ilhali ya nyumbani huhesabiwa mchele na nyama tu. Njia ya haki ni kutafuta gharama kamili ya sahani moja kwa kila upande.

Anza na idadi ya walaji. Kwa watu 20, kilo 2 na nusu za mchele wa basmati na kilo 5 za nyama yenye mifupa zinatosha, pamoja na vitunguu nusu kilo kwa kila kilo ya nyama, kwani kitunguu karibu chote ni maji na kikikaangwa hubaki kidogo mno. Ongeza tungule, thomu, tangawizi, mtindi, mbatata, mafuta au samli, na vya kachumbari. Hiliki, mdalasini, karafuu, uzile na pilipili manga viandike hata kama vimo kabatini, ingawa haifai kuvibania: hutumika kidogo, na bila ya hivyo hakuna biriani.

Fedha nyingi huenda kwenye nyama, na hapo ndipo pa kukaza hesabu. Anayenunua kuku hai akumbuke kwamba manyoya, damu na matumbo huondoa karibu asilimia 30 ya uzito, kwa hiyo kuku wa kilo 2 hutoa takriban kilo 1.4 tu. Chukua bei uliyolipa, ongeza ujira wa kuchinjiwa na kunyonyolewa, gawa jumla kwa 1.4, kisha ndipo ulinganishe na bei ya kilo ya kuku aliyekwisha safishwa. Mchele, samli na viungo vinunuliwe Darajani, Mwanakwerekwe au Chake Chake kabla ya kumi la mwisho la Ramadhani, maana siku za mwisho soko hujaa watu na bei hupanda.

Moto nao una bei. Kwa gesi, pima mtungi kabla na baada ya kupika; ikiwa ni wa kilo 15, gawa bei ya kuujaza kwa 15 na uzidishe kwa kilo zilizopungua. Anayetumia seredani ahesabu mkaa wote, pamoja na ule wa kupalia juu ya mfuniko.

Jambo ninalolisisitiza kuliko yote ni kazi. Biriani ya watu 20, tangu kumenya vitunguu hadi kuosha masufuria, haipungui saa tano za watu wawili, na katika nyumba zetu saa hizo, ambazo aghalabu ni za mama na mabinti, huandikwa sifuri. Si haki. Ziandikie ujira ule ule ambao ungemlipa msaidizi wa kutoka nje, hata kama hakuna atakayelipwa, ili familia ione ni nani anayebeba ile nafuu inayosifiwa.

Kwa upande wa kuagiza, uliza sinia moja hushibisha watu wangapi, lina vipande vingapi vya nyama, na kama kachumbari na usafirishaji vimo ndani ya bei. Ipo pia njia ya tatu, nayo ni kununua vifaa mwenyewe na kumlipa mpishi ufundi wake aje apike kwako. Kwa watu wanane au pungufu ningeagiza, kwa sababu moto na kazi ya chungu kidogo havipungui sana. Kwa 20 na zaidi ningemwita mpishi nyumbani. Tena Idi haikosi wageni wasiotajwa, na chungu cha nyumbani huongezwa kibaba cha mchele mapema, ilhali masinia yaliyoagizwa yamekwisha hesabiwa.

Masinia yafike karibu na wakati wa kula, kwani kwa joto letu chakula kilichopikwa hakifai kukaa nje zaidi ya saa mbili. Halafu kuna suala la mwezi. Kabla ya kutoa arubuni, kubalianeni waziwazi kwamba agizo litahamia siku ya pili bila ya nyongeza ikiwa mwezi hautaandama usiku wa kuamkia tarehe 30, na anayepika mwenyewe ahakikishe ana nafasi kwenye friza ya kuhifadhi nyama kwa siku hiyo moja, au amwombe muuza nyama amwekee bila ya kuikata hadi mwezi utangazwe.