Kabla ya kitabu, anza na majina yao

Mwalimu ukipangiwa shule ya jamii asilia, tuseme Kanada au Marekani, usikimbilie silabasi. Wiki ya kwanza iwe ya majina. Muulize kila mwanafunzi jina lake linatamkwaje, lirudie mpaka aitikie kwa kichwa, na usilifupishe eti ulimi wako umeshindwa. Si jambo dogo hilo. Kanada na Marekani, shule za bweni zilizochukua watoto wa wenyeji asilia ziliwapa majina mapya na kuwaadhibu kwa kusema lugha zao. Kanada peke yake watoto zaidi ya 150,000 walipitia humo. Bibi anayekukazia macho getini huenda alikuwa mmoja wao. Hakuchukii, anakupima.

Halafu kuna kimya. Ukiuliza swali, hesabu moyoni mpaka kumi kabla ya kumrukia mwingine. Katika jamii nyingi mtu hufikiri kwanza ndipo aseme, na mtoto asiyekutazama machoni anaweza kuwa anakuheshimu. (Kwa sisi tunaopenda kusikia sauti zetu, hapa ndipo pagumu.)

Ukitaka kufundisha hadithi yao, waulize wazee kwanza. Kwa Wanavajo, jamii asilia ya Marekani, hadithi za Coyote (mnyama mjanja anayefanana na mbweha) husimuliwa majira ya baridi tu. Kwingine zipo ambazo mgeni hazimhusu kabisa. Ukiambiwa hapana, pokea bila kuomba sababu. Na ukiahidi kurudi muhula ujao, rudi. Walimu wa mwaka mmoja wameshawaona wengi.