Kupima ufuo unaoliwa na bahari kwa fimbo mbili

Ufuo wa kisiwa hautulii. Pwani ya mashariki ya Unguja, tuseme Paje au Jambiani, mawimbi ya kusi, yaani msimu wa upepo wa kusini, huja kimshazari na kuukokota mchanga kuelekea kaskazini. Kaskazi, upepo wa msimu kutoka kaskazini, ikivuma, mchanga husukumwa kurudi. Kwa hiyo ukiona mizizi ya minazi imetoka nje mwezi Agosti, bado hujui kama ufuo unaliwa au umehama tu. Jibu hupatikana kwa kulinganisha kusi na kusi, kaskazi na kaskazi.

Chukua fimbo mbili zilizonyooka za mita 1.5, uzitie alama za sentimita kuanzia juu kwenda chini, kisha uziunganishe kwa kamba ya mita 2. Nailoni haifai, huvutika ikilowa. Alama ya kuanzia iwe kitu kisichohama, kama pembe ya msingi wa nyumba. Msumari kwenye mnazi ni hatari: mnazi ukianguka, kumbukumbu zako zimekwenda nao.

Pima siku za bamvua, mwezi unapokuwa mwandamo au mpevu, maji yakiwa yamekupwa kabisa. Kwa Unguja, tofauti ya kujaa na kupwa siku hizo hufika karibu mita 4; ukipima maji mafu, siku ambazo maji hayakupwi sana, sehemu ya chini ya ufuo itakuwa bado imefunikwa.

Shika fimbo ya upande wa nchi kavu, mwenzako atangulie baharini na ya pili hadi kamba ikaze. Lenga ncha ya fimbo yake iwe sawa na upeo wa macho. Pale mstari wa jicho lako unapokata fimbo yako, soma sentimita kutoka juu: ndivyo mchanga ulivyoshuka kati ya fimbo hizo mbili. Kama mbele kuna tuta, lenga kutoka ncha ya fimbo yako na usome kwenye ya mwenzako. Hapo mchanga umepanda. Sogeeni mita 2, mrudie mpaka majini. Kisiwa kingine kikiziba upeo, tumieni mpira wa maji wa mafundi ujenzi. Vipimo vingi huharibika kwa sababu fimbo zimezama mchangani, basi zipigilieni vibao chini.

Maji yakijaa, hesabu mawimbi. Anza na sifuri wimbi la kwanza linapovunjika, simamisha saa hesabu ikifika kumi, gawanya kwa 10. Sekunde 4 hadi 6 ni mawimbi mafupi ya upepo wa karibu, na yakiwa makubwa ndiyo yanayochimba. Kisha tupa chungwa yanapovunjikia, upime limesogea mita ngapi kando ya ufuo kwa dakika moja na upande gani. Chungwa huelea likiwa karibu lote ndani ya maji, hivyo upepo haulidanganyi sana.

Ufuo wa upana wa mita 30 ukishuka kwa wastani wa sentimita 20 toka kusi moja hadi nyingine, kila mita ya pwani imepoteza mita 6 za ujazo. Hilo ni lori zima. Ukikuta upungufu huo kusi mbili mfululizo na kaskazi haikurudisha kitu, kagua mwamba ulio mbele: matumbawe yakifa na kuvunjika, mawimbi ya bamvua huvuka yakiwa na nguvu zaidi. Ukuta wa zege usiwe jambo la kwanza kufikiria. Wimbi linaloupiga hurudi likichimba miguuni pake, na mchanga wa jirani huanza kuondoka kwenye ncha zake.