Gia ya distributa ikiliwa mara ya pili, usinunue ya tatu kwanza

Kwenye injini za V8 (silinda nane) za zamani za Chevrolet zilizoongezewa nguvu, gia ndogo ya chini ya distributa (kifaa kinachogawa moto kwa plagi) huzungushwa na kamshafti (shafti inayofungua valvu), na distributa hiyo hiyo ndiyo inayozungusha pampu ya oili. Kwa hiyo gia ikiliwa, mara nyingi yenyewe haina kosa. Imebebeshwa mzigo.

Anza na kamshafti. Ukifunga kamshafti ya rola, yaani ile inayosukuma valvu kupitia tapeti zenye rola na iliyochongwa kutoka chuma kigumu, gia ya kawaida ya chuma cha kusubu haitadumu nayo. Inahitaji gia ya aina inayotajwa na mtengenezaji wa kamshafti. Ya shaba nyeusi hukubali, ila huisha taratibu, kwa hiyo uikague mara kwa mara.

Kisha pampu. Wengi hufunga pampu kubwa na kumimina oili nzito, halafu asubuhi injini ikiwa baridi wanaikanyaga mafuta. Meno yanalia hapo!

Kipimo ninachokipenda hakina gharama: funga distributa bila kuiwasha injini, kisha inua shafti yake kwa vidole. Isipocheza hata kidogo juu na chini, kitu kinaibana, pengine shafti ya pampu ni ndefu mno. Paka meno rangi ya kukagulia, zungusha injini kwa mkono, utazame alama: iwe katikati ya jino, si pembeni. Taiming (wakati wa plagi kuwasha) inayohamahama ni dalili ya mapema ya gia kuliwa. Na vumbi la chuma lililokwisha kuingia kwenye oili lisafishwe kabla ya kufunga gia mpya.