Pa kushushia boti: patazame maji yakiwa yamekupwa

Ukija Tanga na boti kwenye trela kwa safari ndefu ya pwani, usichague pa kushushia maji yakiwa yamejaa. Nenda siku ya bamvua, maji yanapojaa na kupwa kupita kawaida, mwezi mwandamo au mpevu, mnamo saa 4 asubuhi, utembee pekupeku hadi maji yalipoishia. Mguu ukizama mpaka kifundoni, trela itanasa. Jioni, kama saa 10, tope na mawe yote hayo yamefunikwa. Bahari imepanda kama mita 3. Kurudi ndiko kugumu zaidi: ukifika wakati wa maji mafu, yaani siku yanapojaa na kupwa kidogo tu, huenda yasifikie sehemu ngumu ya mteremko. Mlangoni mwa mto Pangani usitegemee ukaguzi huu, mchanga huhama. Na mawimbi ya kusi? Waulize wavuvi.