Damu ya kisigino kwenye kadi: kumtafuta VVU kwa mtoto mchanga

Mtoto wa mama mwenye VVU usimpime kwa kipimo cha haraka ukaishia hapo. Kile husoma kingamwili, na za mama hukaa kwenye damu ya mwanawe hadi miezi 18. Anayetafutwa ni kirusi mwenyewe, kwa PCR, kipimo cha mashine ya maabara kinachosoma vinasaba vya kirusi. Zahanati ya Tandahimba au Kilwa haihitaji mashine hiyo, inahitaji kadi ya DBS (karatasi yenye duara za kukaushia matone ya damu) iliyojazwa vizuri mtoto akiwa na wiki 4 hadi 6.

1. Andika kadi kabla ya kutoboa. Vaa glovu zisizo na unga, wala usiguse duara.

2. Aliye chini ya kilo 5 mtoboe pembeni mwa kisigino, si katikati. Kilo 5 hadi 10, dole gumba la mguu. Upashe mguu kwanza kwa kitambaa cha maji ya uvuguvugu.

3. Futa kwa spiriti, kisha ngoja ikauke yenyewe. Ikiwa mbichi, doa hutoka na pete ya majimaji pembeni na maabara huikataa.

4. Futa tone la kwanza kwa gozi kavu. La pili liache likue, liguse karatasi mara moja, lijaze duara na kupenya hadi nyuma. Usirudishie tone juu ya tone. Na jamani, kisigino hakikamuliwi kama tui: maji ya mwili huzimua damu. Jaza duara zote 5.

5. Ilaze kadi kwenye raki, mbali na jua na sisimizi, saa 4 au zaidi. Pwani yetu masika hewa ni nzito, iache ilale hadi asubuhi. Doa lililokauka ni kahawia iliyokolea. Likiwa bado jekundu, subiri. Hapo ndipo uifunge kwenye mfuko wa zipu pamoja na silika (vifuko vya kufyonza unyevu) na kadi ya unyevu, yenye alama zinazogeuka rangi unyevu ukizidi.

Swali: Mvua haikatiki Lindi. Niikaushe karibu na jiko?
Jibu: Hapana, joto huiharibu sampuli. Iongezee muda tu. Ikishafungwa, alama ya 30 kwenye kadi ya unyevu ikigeuka waridi, badilisha silika.

Swali: Shikamoo mtaalamu. Jibu ni hasi, lakini mama bado ananyonyesha. Tumwache?
Jibu: Marahaba. Hapana, kunyonya bado ni hatari. Rudia miezi 9, na tena baada ya kuachishwa ziwa; miezi 18 kipimo cha kingamwili.

Swali: Na likiwa chanya?
Jibu: Anzishiwe ARV, na kadi ya pili ichukuliwe siku hiyohiyo kuthibitisha. Dawa haisubiri jibu la pili.