Somo: Kuchagua mashine ya kuchomelea ya bei nafuu kwa gari la nyumbani

Wakuu, mashine yangu ya kwanza niliinunua kwa kusoma boksi. Limeandikwa 200A kwa herufi kubwa, bei imenikaa, nikajiona nimeokota dodo chini ya mwarobaini. Nikavuka nayo hadi Kigamboni, nikafunua kapeti la upande wa dereva kwenye Hilux yangu ya zamani. Kutu ilikuwa imetoboa tundu la ukubwa wa kisahani. Nilipomaliza kuchomelea, tundu lilikuwa la ukubwa wa sinia.

Hatua ya 1: Pima unachotaka kuchomelea
Bati la bodi ya gari lina unene wa kama milimita 0.7 hadi 1. Kijiti cha kuchomelea cha milimita 2.5 kinataka takriban ampea 60 hadi 90 ndipo kiwake vizuri, na kwa moto huo bati linayeyuka kabla hujavuta mkono. Kwa hiyo kama kazi yako ni sakafu, matao ya matairi na milango, tafuta MIG ndogo, ile inayotoa waya kwenye tochi. Muulize muuzaji inashuka hadi ampea ngapi. Wengi watakutajia ya juu. Wewe ng'ang'ania ya chini. Ikishuka hadi 30 hivi, mnaongea lugha moja. Kama kazi ni bampa ya chuma au kishikio cha egzosi, na siku moja moja geti la nyumbani, inverta ya vijiti (mashine ndogo nyepesi ya kuchomelea kwa vijiti) inatosha na ni ya bei rahisi zaidi.

Hatua ya 2: Angalia umeme wako
Soketi ya kawaida ni ampea 13. MIG ikichomelea kwa ampea 60 inavuta karibu ampea 7 au 8 ukutani, haina shida. Mashine ya vijiti kwa 80 inavuta kama 13 au 14, tayari uko ukingoni. Ukiifikisha 100, andaa laini yake peke yake yenye saketi breka. Na ile ekstensheni nyembamba ya redio iache ndani. Tumia waya wa milimita za mraba 2.5, ukunjue wote, kwa sababu ukibaki umezungushwa unapata moto.

Hatua ya 3: Geuza mashine usome kibati chake
Hapa ndipo boksi linapoumbuka. Tafuta herufi X (muda wa kuchomelea) na I2 (ampea za kuchomelea). X ikiwa 60%, maana yake katika kila dakika 10 unachomelea 6 na kuipumzisha 4, kwa ampea zilizoandikwa chini yake. I1max ni kile itakachovuta ukutani ikikazwa mwisho. Mashine isiyo na kibati, mimi siinunui hata kwa mkopo.

Hatua ya 4: Gesi au bila gesi
Waya wa fluksi, wenye unga wa kinga ndani yake, hautaki mtungi na unavumilia upepo wa uani, ila unarusha cheche nyingi na kuacha magamba ya kugonga. Waya mtupu wa milimita 0.6 na gesi ndio msafi zaidi kwa bati, lakini mtungi na regyuleta ni gharama nyingine kabisa. Chagua mashine inayokubali vyote viwili na inayokuruhusu kubadili nguzo: kwa fluksi tochi huwa hasi, kwa waya wa gesi huwa chanya. Watu wanasahau hili, kisha wanalaumu waya.

Hatua ya 5: Bakiza hela
Kofia, glavu za ngozi, grainda na brashi ya waya. Bila kufikia chuma kinachong'aa, hakuna mashine itakayokusaidia.

MASWALI

Mwanachama, Tanga: Mkuu, mimi tayari nina ya vijiti. Ndiyo nimeshaliwa?
Jibu: Hapana. Tafuta vijiti vya 2.0 au vya 1.6, shusha hadi ampea 40 hivi. Weka kiraka juu ya bati zima, nyuma yake ubane kipande cha shaba. Shaba inanyonya moto na haigandani na bati. Piga nukta, sogea mbali, piga nyingine. Ukivuta mstari mrefu utakuja kunisimulia habari za sinia.

Mwanachama, Likoni: Ndugu fundi, huku stima hupotea kila mara. Jenereta ya kVA 3 itaweza?
Jibu: MIG kwa ampea 60 inataka karibu kVA 2, itaweza. Vijiti kwa 80 vitaizidi. Washa jenereta kwanza, itulie, ndipo uchomeke mashine.

Mwanachama, Morogoro: Fundi wangu anasema kuchomoa betri ni uoga tu. Kweli?
Jibu: Kaka, ni dakika moja na spana namba 10, kompyuta ya gari ni hela ngapi? Chomoa hasi, kisha bana klampu ya erthi karibu kabisa na unapochomelea, umeme usitafute njia kupitia beringi. Toa kapeti na vitambaa vyote, jua bomba la mafuta linapita wapi. Ukisafisha kwa dawa ya kupuliza ya breki, usichomelee hapo: zile zenye klorini zikipata moto hutoa gesi ya sumu kali.

Mwanachama, Tanga tena: Na chesisi iliyopasuka je?
Jibu: Hiyo usiijaribu uani. Peleka kwa fundi wa chesisi.