Namna ya kuandika historia ya klabu ya soka ya mikoani Argentina bila kukosea miaka wala mataji

Makosa mengi katika historia za klabu za mikoani Argentina yana chanzo kimoja. Mwandishi anafungua orodha ya mabingwa wa taifa, anaona klabu yake haimo mpaka miaka ya 1970, kisha anaandika kwamba ilikuwa klabu ndogo iliyochelewa kukua. Haikuwa ndogo. Ilifungiwa mlango. Kwa miongo mingi ile iliyoitwa ligi ya Argentina ilikuwa ligi ya Buenos Aires na majirani zake, na klabu ya Córdoba au Tucumán ingeweza kutwaa ubingwa wa kwao mara kumi bila kuonekana kwenye orodha hiyo. Kwa hiyo kabla ya kuhesabu kombe lolote, jiulize kwa kila mwaka: klabu hii ilikuwa inacheza ligi gani, na ligi hiyo ilimruhusu nani kuingia?

Mfano wetu mkuu ni Rosario Central, klabu ya jiji la Rosario, kwa sababu historia yake inapita karibu katika kila mtego unaoelezwa hapa. Ukiandika juu ya Talleres, Colón, Atlético Tucumán au Godoy Cruz, njia ni ile ile.

Anza na jedwali la miaka

Chora jedwali lenye mstari mmoja kwa kila mwaka tangu klabu ianzishwe, na safu saba: mwaka, ligi ya nyumbani, mashindano ya taifa, daraja, makombe, uwanja, na ulikoipata habari yenyewe. Andika kila mwaka, hata ule usio na habari zake. Ukiruka mwaka kwa sababu huna cha kujaza, baada ya miezi miwili hutakumbuka kama uliuruka au klabu haikucheza.

Kisha weka alama za mipaka hii, maana ndiyo inayoamua kila kitu kinachofuata.

Mwaka 1931 klabu 18 zilijitenga na kuanzisha ligi ya kulipwa. Zote zilitoka Buenos Aires, vitongoji vyake na La Plata. Mwaka 1939 Rosario Central na jirani yake Newell's Old Boys ziliruhusiwa kuingia daraja la kwanza. Klabu za jiji la Santa Fe zilifuata zikianzia daraja la pili, Unión mwaka 1940 na Colón mwaka 1948. Mikoa mingine ilibaki nje. Mwaka 1967 msimu uligawanywa mara mbili: Metropolitano, iliyobaki ya wanachama wa moja kwa moja wa chama cha soka cha taifa (AFA), na Nacional, iliyochukua pia klabu za mikoani zilizofuzu. Nacional ya mwisho ilichezwa mwaka 1985, na mwaka 1986 likaja daraja la pili la nchi nzima, Nacional B. Tangu hapo klabu ya mkoa wowote ingeweza kupanda daraja kwa miguu ya wachezaji wake.

Kati ya 1967 na 1985 ndipo waandishi wengi hujikwaa. Klabu moja ingeweza kucheza ligi ya mkoa wake nusu ya mwaka na Nacional nusu nyingine. Kwa miaka hiyo, mstari mmoja wa jedwali hautoshi, weka miwili. Talleres ya Córdoba ndiyo mfano ulio wazi zaidi. Ilifika fainali ya Nacional ya 1977 dhidi ya Independiente huku ikiwa bado klabu ya ligi ya Córdoba, na nafasi ya kudumu katika Metropolitano iliipata mwaka 1980 tu, kupitia azimio namba 1309 la AFA.

Fainali hiyo ina funzo jingine la kalenda. Ni ya ubingwa wa 1977, lakini mchezo wa marudiano ulichezwa Córdoba tarehe 25 Januari 1978. Ilikuwa 1-1 Avellaneda, nyumbani kwa Independiente, na 2-2 Córdoba, Independiente ikimaliza na wachezaji wanane uwanjani na kuchukua ubingwa kwa mabao ya ugenini. Usiwahi kuchukulia kwamba mwaka wa mashindano ndio mwaka wa mchezo. Mwaka wa mashindano na tarehe ya mchezo viandikwe mbalimbali.

Amua mapema “mikoani” ni wapi

Waargentina husema “del interior”, na mpaka wa neno hilo hauko kwenye ramani. La Plata ni makao makuu ya mkoa wa Buenos Aires, si sehemu ya jiji la Buenos Aires, lakini Estudiantes na Gimnasia zilikuwemo katika ligi ya kulipwa tangu siku ya kwanza. Ndiyo maana Estudiantes ilipotwaa Metropolitano ya 1967 haikuhesabiwa kuwa ubingwa wa kwanza wa mikoani, na heshima hiyo ikaenda kwa Rosario Central mwaka 1971. Andika tafsiri unayoitumia kwenye ukurasa wa kwanza, kisha usiibadilishe. Neno “ya kwanza” bila tafsiri hiyo litapingwa, na atakayekupinga atakuwa na haki.

Tarehe ya kuzaliwa na majina ya zamani

Tafuta ushahidi wa aina tatu: kitabu cha kumbukumbu za vikao cha klabu (“libro de actas”), mara ya kwanza jina kutokea gazetini, na hati ya serikali ya kuitambua klabu kama jumuiya ya kiraia (“personería jurídica”). Tarehe tatu hizo mara nyingi hazilingani, na hilo si kosa: watu hukutana kwanza, hucheza baadaye, na hati huja mwisho. Kosa ni kuchukua tarehe ya hati na kuiita siku ya kuanzishwa.

Rosario Central ilianzishwa tarehe 24 Desemba 1889 na wafanyakazi wa reli, wengi wao Waingereza, kwa jina la Central Argentine Railway Athletic Club. Mwaka 1903 ilibadili jina na kufungua mlango kwa wasiokuwa watu wa reli. Kwa hiyo ukitafuta “Rosario Central” katika magazeti ya 1895 hutapata kitu, na usiseme klabu ilikuwa imelala. Tafuta majina yote, na tafuta mchezo wenyewe kwa tahajia zake zote: “football”, “foot-ball”, kisha “fútbol”. AFA yenyewe iliendelea kuandika “Football” katika jina lake mpaka miaka ya 1940.

Jina lenyewe linaweza kukuelekeza kwenye nyaraka. Talleres, iliyoanzishwa tarehe 12 Oktoba 1913, maana yake ni karakana: karakana za reli za Córdoba. Newell's Old Boys, ya tarehe 3 Novemba 1903, ilitoka kwa wanafunzi waliosoma katika shule ya Isaac Newell. Huko unatafuta kumbukumbu za kampuni ya reli. Huku unatafuta za shule.

Kusoma magazeti

Gazeti la mkoa lina uzito kuliko la Buenos Aires. Rosario wana La Capital, lililoanza mwaka 1867. Mendoza wana Los Andes la 1882, Córdoba La Voz del Interior la 1904, Tucumán La Gaceta la 1912, na Santa Fe El Litoral la 1918. Jarida la El Gráfico, la 1919, ni hazina ya picha na maelezo ya michezo mikubwa, ila liliangalia nchi kutoka Buenos Aires; kwa ligi za mikoani halitoshi.

Kwa kila mchezo soma matoleo matatu: la kabla ya mchezo kwa uwanja na kikosi kilichotarajiwa, la baada ya mchezo kwa matokeo na wafungaji, na la siku tatu au nne baadaye kwa uamuzi wa kamati. Toleo hili la tatu ndilo linaloachwa na wengi, na ndilo lenye michezo iliyokatishwa na kumaliziwa siku nyingine, au pointi zilizotolewa mezani. Mchezo uliokatishwa uandikie tarehe mbili.

Vikosi vya zamani hupangwa kwa mfumo wa 2-3-5, makundi yakitengwa kwa nukta mkato: kipa, mabeki wawili, viungo watatu, washambuliaji watano kutoka kulia kwenda kushoto. Ukiujua mpangilio huo utajua nafasi ya mchezaji hata kama gazeti halikuitaja. Majina ya ukoo ya Kiingereza yaliandikwa kwa tahajia tofauti kila wiki, kwa hiyo usihesabu wachezaji wawili kabla hujalinganisha nafasi zao na miezi waliyocheza.

Mwaka mmoja, mabingwa wawili

Soka la Argentina liligawanyika kati ya 1912 na 1914, tena kati ya 1919 na 1926, na tena 1931 hadi 1934. Katika miaka hiyo kulikuwa na vyama viwili, kila kimoja na ligi yake na bingwa wake. Orodha mbili zikipingana, angalia kwanza kama mwaka umo katika vipindi hivyo. Mara nyingi zote mbili ni sahihi. Andika jina la chama kando ya kila taji.

Usitupe pia makombe ya zama hizo. Rosario Central ilishinda Copa Ibarguren ya 1915, iliyokutanisha miaka hiyo bingwa wa Buenos Aires na bingwa wa Rosario. Hiyo ni miaka 24 kabla ya kuruhusiwa kwenye ligi. Historia inayoanzia 1939 inafuta vizazi viwili vya wachezaji, na hilo ni dhuluma kwa watu waliojenga klabu.

Mataji, na mchezo unaokumbukwa vibaya

Mataji ya ligi ya Central kabla ya mwaka 2000 ni Nacional za 1971, 1973 na 1980, pamoja na ligi ya 1986-87. Yaandike kwa jina kamili la mashindano. “Bingwa wa 1980” haitoshi, kwa sababu mwaka huo ulikuwa na mabingwa wawili, wa Metropolitano na wa Nacional.

Kuhusu 1971, kuwa makini. Bao la kichwa la kupiga mbizi la Aldo Pedro Poy, mchezaji wa Central, ambalo mashabiki hukusanyika kila tarehe 19 Desemba kuliigiza upya, wengi hulitaja kuwa la fainali. Lilikuwa la nusu fainali, dhidi ya Newell's, kwenye uwanja wa River Plate. Fainali ilikuwa siku tatu baadaye dhidi ya San Lorenzo, 2-1, tena kwenye uwanja wa Newell's. Kumbukumbu ya mashabiki imechagua mchezo wa watani wa jadi na kuuacha wa ubingwa. Andika yote mawili, kwa sababu uchaguzi huo nao ni historia.

Kombe la Copa CONMEBOL, lililochezwa kuanzia 1992 hadi 1999, lisichanganywe na Copa Sudamericana iliyoanza 2002. Central walitwaa Copa CONMEBOL mwaka 1995: walifungwa 4-0 na Atlético Mineiro huko Belo Horizonte, wakarudisha 4-0 nyumbani, wakashinda kwa penalti. Katika takwimu mchezo wa pili ni ushindi wa 4-0; mikwaju ya penalti huandikwa pembeni na haijumlishwi na mabao.

Pointi na wastani

Ushindi ulikuwa na pointi 2 mpaka msimu wa 1995-96 ulipoanza pointi 3. Msimu wa ushindi 20, sare 10 na vipigo 8 unatoa pointi 50 kwa kanuni ya zamani na 70 kwa mpya. Unapolinganisha misimu, hesabu yote kwa kanuni moja na useme ni ipi. Msimu wa 1988-89 utakusumbua peke yake, kwani ushindi ulikuwa na pointi 3, na kila sare ilimalizwa kwa penalti na mshindi wa penalti alipata pointi 2, mwenzake 1.

Kuanzia 1983 kushuka daraja kuliamuliwa kwa miaka mingi kwa wastani: kwa kawaida pointi za misimu mitatu zikigawanywa kwa idadi ya michezo. Pointi 45, 50 na 40 katika misimu ya michezo 38 ni 135 kwa 114, yaani 1.184. Klabu iliyopanda juzi inahesabiwa kwa michezo yake tu: pointi 45 kwa michezo 38 nayo ni 1.184. Ndiyo maana klabu inaweza kumaliza katikati ya msimamo na bado ikashuka. Usiandike “ilishuka kwa msimu mbaya” kabla hujaangalia misimu miwili ya nyuma. Central ilishuka mwaka 1941, 1950, 1984 na 2010. Mara ya mwisho ilipoteza mchezo wa mchujo dhidi ya All Boys.

Fedha

Hapa watu huharibu kurasa nzima. Argentina ilibadili sarafu mwaka 1970 (1 mpya kwa 100 za zamani), 1983 (1 kwa 10,000), 1985 (1 kwa 1,000) na 1992 (1 kwa 10,000). Peso moja ya 1992 ni sawa na peso trilioni 10 za kabla ya 1970. Kiasi cha fedha kiandike kwa sarafu ya wakati ule, kisha kilinganishe na kitu cha mwaka ule ule ndani ya mizania ya klabu: ada ya mwanachama au bei ya tiketi ya mzunguko. Mchezaji aliyenunuliwa kwa thamani ya ada za mwezi za wanachama 3,000 anaeleweka na msomaji yeyote.

Klabu iliyofilisika huacha nyaraka bora kuliko iliyostawi. Sheria namba 25.284 ya mwaka 2000 iliruhusu klabu zilizofilisika kuendelea chini ya usimamizi wa mahakama, na mafaili hayo yana orodha za wadai, mikataba ya wachezaji na thamani ya viwanja.

Hakiki ya mwisho

Kwa kila msimu jumlisha mabao ya wafungaji wote, ongeza waliyojifunga wapinzani, na ulinganishe na mabao ya klabu kwenye msimamo. Kwa michezo ya watani wa jadi weka hesabu tatu zisizochanganywa: ligi ya nyumbani, mashindano ya taifa, na ya kirafiki. Jumla zinazopingana mitaani hutoka hapo. Hesabu za mabao zikikataa kulingana hata kwa bao moja, rudi kwenye toleo lile la tatu la gazeti.